Shangazi, nataka kumwambia kuwa naondoka

Swali: Shikamoo Shangazi. Mume wangu ananipiga tangu nilipojifungua mtoto wetu wa pili. Wiki iliyopita alinikaba koo mpaka nikaona giza, na mwanangu wa miaka saba akishuhudia. Nimechoka. Nataka nimkalishe chini nimweleze kwamba akinigusa tena naondoka na watoto. Nianzeje mazungumzo hayo?
Mama wa Wawili

Jibu: Marahaba mwanangu. Mazungumzo hayo usiyaanze kabisa. Najua unataka kumtendea haki kwa kumwonya kwanza, lakini anayepiga ili atawale huwa mkali zaidi pale anapohisi unamponyoka. Siku za kuondoka na miezi inayofuata ndizo za hatari kuliko zote. Ajue umeondoka ukiwa umeshafika salama.

Hilo la kukabwa koo limenikosesha raha. Si kipigo kama vingine. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yumo katika hatari ya kuuawa naye mara saba hivi kuliko asiyewahi. Tena madhara yake huweza kujitokeza baada ya siku kadhaa, hata kama shingoni hapana alama. Nenda hospitali kesho, usingoje sauti ikwaruze, kumeza kuume au mkono kufa ganzi. Ingia kwa daktari peke yako, useme wazi, "Nilikabwa koo," na uombe iandikwe hivyo hivyo kwenye faili lako.

Kisha mtafute mtu mmoja, mmoja tu, unayemwamini kweli. Jirani anafaa. Kubalianeni maneno ya kawaida, kwa mfano ukimwandikia kuulizia chaja, ajue anapaswa kupiga simu polisi. Asije kugonga mlango mwenyewe.

Ugomvi ukianza kunukia, usikimbilie jikoni kwenye visu wala bafuni kusiko na pa kutokea. Sogea upande wa mlango wa nje. Mkubwa wako mfundishe kwamba si kazi yake kukuokoa. Yeye amshike mdogo wake watoke, waende kwa jirani huyo. Mwambie hayo tu. Siku ya kuhama asiijue, maana mtoto akibanwa maswali atasema, na huo ni mzigo tusiomtwika.

Vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho, kadi za kliniki, dawa, funguo za akiba na fedha kidogo kidogo vikae kwa mtu wako, si chini ya kitanda. Anza na nakala, kwa sababu cheti halisi kikikosekana mahali pake kitaulizwa. Lakini hali ikichafuka kabla hujamaliza, acha vyote, chukua watoto mtoke.

Simu nayo ni shahidi wake. Kama anaijua nywila yako, usiibadilishe ghafla akashtuka. Mambo ya mpango huu yafanye kwa simu ya mtu mwingine. Ukiondoka, zima ile ya zamani, maana huenda inamwonyesha ulipo. Na barua uliyoniandikia, ifute leo.

Wapo watakaokushauri mkae kikao cha kupatanishwa. Mimi sikushauri. Utakayoyasema mbele ya watu utayajibia usiku mkiwa wawili. Mtafute mshauri anayeshughulika na ukatili wa nyumbani, umwone peke yako, mkamilishe naye mpango huu. Polisi au ustawi wa jamii wakueleze pia jinsi ya kuomba amri ya mahakama ya kumzuia asikukaribie, kama sheria ya mahali ulipo inaitoa.

Ukishahama, badilisha njia unazopita na siku zako za kliniki. Shuleni wape kwa maandishi majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na uulize kama wanahitaji hati ya mahakama kumzuia baba yake.