Feni Inazunguka, Kioo Cheusi: Kabla Hujaagiza Spea Kariakoo

Umefungua kompyuta yako ya mezani, ukahamishia kila kitu kwenye kasha jipya au ukaongeza kadi ya michoro (ile inayotoa picha kwenda kwenye kioo), ukafunga. Unawasha: feni zinazunguka, taa zinawaka, kwenye kioo hakuna kitu. Usikimbilie kuagiza ubao mama, ile bodi kubwa ambayo kila kitu huchomekwa. Sisi wa Dodoma spea nyingi bado tunazifuata Kariakoo, na ukishatuma hela na mzigo ukapakiwa kwenye basi, kumrudishia muuzaji kitu ambacho hukukihitaji ni kesi nyingine. Mashine iliyokuwa nzima kabla hujaifungua mara chache hufa kwa kufunguliwa tu. Kwa kawaida kuna kitu mkono umekigusa na hakijakaa mahali pake.

Wakiniletea mashine ya namna hii, kwanza nabonyeza Caps Lock kwenye kibodi ya waya. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, basi kompyuta iko hai na shida iko kwenye njia ya picha. Isipoitika, imekwama mapema, na hapo utafute kwenye RAM (vile vipande virefu vya kumbukumbu), umeme au prosesa (ubongo wa kompyuta).

Tuanze na iliyo hai. Kijana wa duka moja la steshenari pale Majengo aliniletea Dell OptiPlex, zile za mtumba zilizojaa mjini, akiwa ameiongezea kadi. "Kaka, ubao umeungua huu. Jamaa yangu ameshanitafutia mwingine." Nikaigeuza mashine. Waya wa kioo ulikuwa umechomekwa palepale ulipozoea kukaa, jirani na matundu ya USB. Matundu ya kadi mpya yalikuwa chini yake, bado na vifuniko vyake vya plastiki. Ukiweka kadi, mashine nyingi huzima zenyewe tundu la picha la kwenye ubao. Nikahamisha waya, nembo ya Dell ikatokea. "Kaka, hii ibaki humu humu," akasema, huku tayari anampigia yule jamaa asitume.

Kinyume chake pia kipo. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, hazina sehemu ya michoro ndani yake, na Ryzen 5 5600 ya AMD ni hivyo hivyo. Ukitoa kadi ukitegemea tundu la ubao, utakesha. Ryzen 5 5600G inayo, kwa hiyo soma jina la prosesa mpaka herufi ya mwisho kabla hujailaumu.

Kwenye umeme, angalia waya ambao feni haziuhitaji. Ubao mama hulishwa na ule mpana wa pini 24, halafu kuna mwingine mdogo wa pini 4 au 8 unaochomekwa kwenye kona, karibu na prosesa. Usipouchomeka huo mdogo, mara nyingi feni zitazunguka vizuri tu na prosesa isifanye kazi yoyote, ndiyo maana unadanganya watu. Kadi nayo hupata hadi wati 75 kupitia tundu ilimokaa. Inayokula zaidi ya hapo lazima ipewe waya wake kutoka kwenye pawa saplai.

RAM ndiyo ninayoitilia shaka kuliko vyote. Chomoa waya wa ukutani, toa RAM zote, rudisha moja peke yake, ubonyeze pande zote mbili mpaka usikie kishikizo kikilia. Upande mmoja ukiingia na mwingine ukabaki juu kidogo tu, macho hayatakuonyesha. Kama ubao una matundu manne na una RAM mbili, kwa kawaida hukaa kwenye la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Na vumbi letu hili la kiangazi, ukiiacha mashine wazi usiku kucha, asubuhi lipo ndani ya matundu. Puliza kwa bloa, si kwa mdomo, maana mdomo unatoa na mate. Mafundi wengi husugua meno ya RAM kwa ufutio. Mimi siupendi, makombo yake huishia kwenye tundu, kwa hiyo natumia kitambaa kilicholowa spiriti kidogo. Juni na Julai, baridi ikibana na watu wakavaa masweta, hewa kavu hii hujaza mwili umeme tuli. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla hujashika RAM.

Kama ni mashine mpya ya DDR5, yaani yenye RAM za kizazi hicho kipya, washa uiache. Mara ya kwanza huweza kukaa dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi inapoipima RAM, na ukiizima katikati inaanza upya.

Bado? Umeme ukiwa umechomolewa, toa ile betri ya CR2032, ya mviringo kama sarafu iliyo kwenye ubao, bonyeza kitufe cha kuwashia mara kadhaa, subiri kama dakika tano, rudisha. Mipangilio ya BIOS, programu ya ubao inayoiwasha mashine, inarudi ya kiwandani. Kama ulibadilisha prosesa, angalia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao ni toleo gani la BIOS linaitambua. Bodi za zamani za AM4 (aina ya tundu la prosesa za AMD) hazizitambui prosesa za Ryzen 5000 mpaka BIOS yake isasishwe.

Mwisho toa ubao nje ya kasha, uulaze juu ya boksi lake la karatasi ngumu, ubaki na prosesa, feni yake, RAM moja na njia moja ya picha. Ikileta picha hapo na ndani ya kasha ikagoma, hesabu zile nguzo ndogo za shaba zinazobeba ubao: yoyote iliyokaa mahali pasipo na tundu la skrubu inagusa mgongo wa ubao na kuleta shoti. Ing'oe kwa koleo.