Bendi ina YouTube tayari, tovuti ya nini?

Umeuliza kama bendi yenye wafuasi Instagram na YouTube bado inahitaji tovuti. Inahitaji, ndugu yangu. Huko kwingine ninyi ni wapangaji tu. Mwenye nyumba akibadilisha masharti, mnabeba virago. Halafu mwandaaji wa tamasha pale kituo cha utamaduni cha Alliance Française hatapekua picha za nyama choma mlizobandika. Anataka wasifu mfupi, picha safi za kuchapisha, video moja ya jukwaani na namba ya meneja. Just A Band, bendi ya Kenya, walipovuma 2010 kwa Makmende, shujaa wa video ya wimbo wao Ha-He, mashabiki ndio waliomsambaza kwa picha za kuchekesha walizobuni wenyewe, lakini bahati hiyo si ya kila bendi. Na tarehe za shoo za mwaka jana zifuteni, jamani, zinaaibisha.