Usizikate hizo ziara, badilisha namna wanavyoonana

Dada, nimesoma swali lako. Umekabidhiwa msichana wa miaka saba, kaka yake yuko kwenye makao ya wavulana upande wa Thika, na kitinda mimba wao yuko kwa nyanya yao Kakamega. Kila akitoka kumwona kaka yake analia, usiku anakojoa kitandani, na mama mkwe wako anasema msitishe hizo safari hadi mtoto azoee nyumba. Unataka kujua kama mama mkwe yuko sahihi.

Mimi ni mlezi wa kambo hapa Umoja, Nairobi. Nilikabidhiwa binti kupitia ofisi ya watoto, sijamuasili kuwa mtoto wangu kisheria, na mdogo wake wa kiume alibaki kwenye makao kwa muda mrefu kabla hajapata mlezi wake Rongai. Jibu langu ni hapana, msisitishe. Mtoto anayelia baada ya kumwona ndugu yake anaonyesha tu kwamba bado ni ndugu yake. Mimi ningeogopa zaidi siku atakayorudi bila kuuliza lolote.

Kinachowaumiza ni kule kuagana getini bila kujua wataonana lini tena. Sisi tukiwaambia "tutakuja siku nyingine" tunadhani tumewatuliza. Hawa ni watoto waliokwisha kuambiwa maneno kama hayo na watu wazima ambao hawakurudi. Kwangu kilichosaidia ni kalenda ya ukutani. Jumamosi ya kwanza ya mwezi binti huizungushia wino mwenyewe, na nikishaona kuna mvua au ada imebana, naazima nauli lakini siku haisogezwi. Kilio hakikuisha. Kilipungua tu, siku hizi ananyamaza kwenye matatu hadi tufike Jogoo Road, halafu anaanza kuuliza tutapika nini.

Jambo la pili ni mahali. Kule kwenye makao mnaketishwa kwenye benchi la wageni, mtu wa ofisi amekaa karibu, watoto wanatazamana kama wako kwenye mahojiano ya kazi. Omba ruhusa ya kumtoa nje kwa saa chache. Watakudai barua na sahihi ya afisa wa watoto, nenda ukaitafute. Ukishampata, usiwapeleke mahali pa kushangaa vitu. Wapeleke mahali pa kufanya kitu cha kawaida. Sisi tulimpeleka mvulana kwa kinyozi. Dada yake akasimama nyuma ya kiti, akamwelekeza kinyozi apunguze wapi, kisha akamkunja yule mdogo sikio, akachungulia na kumkemea: "Huku hujasugua." Mvulana akacheka hadi kinyozi akazima mashine. Walikuwa wamekaa karibu saa nzima kwenye benchi bila kusema neno.

Hapo kwenye sikio kuna jambo. Binti huyu ndiye aliyemlea mdogo wake mama yao alipokuwa mgonjwa. Afisa mmoja aliwahi kuniambia ni afadhali watenganishwe ili dada apumzike na apate kuwa mtoto. Hoja hiyo utaisikia sana, na si ya kijinga, lakini mimi siikubali. Mtoto aliyezoea kuhakikisha mdogo wake amekula hataacha kuwaza kwa sababu hamwoni. Ndipo atakapowaza zaidi. Mwondolee kazi, usimwondolee ndugu. Tukiwa pamoja mimi ndiye ninayepakua chakula, mimi ndiye ninayeuliza kile kikohozi kimefika wapi na dawa zimebaki ngapi, na ninauliza kwa sauti ili asikie kwamba kuna mtu mzima ameuliza.

Tahadhari moja ndogo: wivu. Wako anakuja na viatu vipya, kaka yake amevaa vya kugawiwa. Usiende na zawadi kubwa ya mmoja. Na ukibeba mandazi kwa ajili ya kijana, beba ya kutosha bweni lote, la sivyo yatanyang'anywa kabla hujafika stejini.

Sasa upande wa karatasi, ambao wengi wetu tunaupuuza. Kila mtoto ana faili lake, na wengi wetu Kenya hatuna jina moja la ukoo linalowafunga ndugu. Dada anaitwa Akinyi, kaka ni Odhiambo, na kama baba ni wawili tofauti, mtu anayesoma faili hana namna ya kujua hao ni wa tumbo moja. Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako, uombe majina ya ndugu wote watatu yaandikwe kwenye kila faili, pamoja na mahali walipo na ratiba ya kuonana. Usiombe kwa mdomo tu. Andika barua, ubaki na nakala yenye muhuri. Ukiulizwa umetoa wapi hilo, mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, uliopitishwa 2009, unasema ndugu wenye uhusiano wasitenganishwe isipokuwa kuna hatari ya wazi ya kudhulumiwa au sababu nyingine yenye manufaa kwa mtoto. Katiba yetu, kifungu cha 53, nayo inaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote.

Fanya hivyo mapema, kwa sababu serikali ina mkakati wa mwaka 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwenye familia. Ni jambo zuri, nimelisubiri sana. Lakini maana yake kwako ni kwamba kaka anaweza kuhamishiwa kwa jamaa au kwa mlezi mwingine wakati wowote, na kama jina lako halimo kwenye faili lake, hakuna atakayekumbuka kukupigia. Mvulana wetu alipohamia Rongai nilijua mapema kwa sababu hiyo tu. Nikampigia mama mlezi wake kabla mtoto hajafika, tukakubaliana kuhusu ile Jumamosi. Akitokea mtu anayetaka kumuasili mmoja wao, ndipo uharakishe zaidi. Kuasili hukata uhusiano wa kisheria na familia ya kuzaliwa, na baada ya hapo utategemea hisani ya wazazi wapya.

Wa Kakamega ni rahisi kuliko unavyodhani. Nyanya ana kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, WhatsApp usahau. Chagua jioni moja ya wiki, mtumie kredo siku hiyo hiyo, na usitarajie mazungumzo. Mtoto mdogo kwenye simu hupumua tu. Mwache wako aimbe, asome hesabu za shule, au amsikilize kuku wa nyanya. Picha nazo zichapishe, uandike majina na tarehe nyuma, utume kwa basi zikiwa ndani ya bahasha.

Kuna hali ambayo ningekuambia usimame: kama mmoja alikuwa akimpiga au kumchezea mwingine vibaya. Hapo mwambie afisa, au piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure, na wasionane bila mtu aliyefunzwa kuwepo.

Kuhusu mama mkwe, usibishane naye. Mchukue ile siku ya safari, mkae wote kwa kinyozi au mnunue vitabu vya shule pamoja. Wangu alikataa mara ya kwanza kwa kisingizio cha magoti. Alipokuja, alimbebea mvulana sweta, na kwenye matatu ya kurudi akawa ndiye anayeuliza kwa nini huyu naye asije kwetu Desemba. Hilo la Desemba linahitaji kibali, kwa hiyo kama unalitaka, liombe Oktoba.