Maswali ya wasomaji: Tunataka kuandaa mashindano ya usalama wa mtandao chuoni, tuanzie wapi?

SWALI: Habari za kazi dada. Sisi ni wanafunzi wa chuo kimoja hapa Mbeya, tuko kumi na moja, mwaka wa pili na wa tatu, tuna klabu yetu na mwezi wa sita tunataka kuandaa mashindano ya chuo kizima, yale ya kusaka bendera, CTF, yaani mnatatua mafumbo ya kompyuta mpaka mnapata neno lililofichwa, hilo ndio bendera. Shida ni kwamba intaneti ya chuo ikishafika saa nne asubuhi haifungui kitu, hela hatuna, na mkuu wa idara tulipomgusia tu akauliza kwani mnataka kufundishana wizi? Naomba msaada kwenye tuta maana wenzangu wameanza kupoa.
*Mwanafunzi, Mbeya*

JIBU: Mdogo wangu, waambie wenzako wasipoe, hii kitu inawezekana na nyie ndio watu wake.

Tuanze na mkuu wa idara. Swali lake ni la haki kabisa, neno kuhaki, yaani kudukua kompyuta, limechafuliwa na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kila mzee ana ndugu aliyeshalizwa. Kwa hiyo msiende kubishana nae, mwamkieni vizuri halafu mumpe karatasi, ukurasa mmoja tu. Andikeni kitakachoshambuliwa ni nini (seva yenu wenyewe, yaani kompyuta mliyoiweka kwa ajili ya mashindano, na maswali mliyotengeneza wenyewe), kisichoguswa ni nini (mfumo wa matokeo, mfumo wa ada, ruta za chuo, simu na akaunti za wenzenu), mwalimu gani atakuwepo, mnaanza saa ngapi mnamaliza saa ngapi. Kila mshiriki nae asaini masharti hayo hayo kabla hajakaa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamuadhibu anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, faini haipungui milioni 3 au jela isiyopungua mwaka 1 au vyote viwili, sasa hapo neno lenyewe ni RUHUSA, ndio maana nataka muwe na sahihi yake na mhuri kwenye faili. Mwambieni pia haya mambo hamjayazua nyie, mashindano ya aina hii yanafanyika DEF CON, mkutano wa wadukuzi kule Las Vegas, tangu 1996, na picoCTF, mashindano ya chuo cha Carnegie Mellon cha Marekani, iliyoanza 2013, ililenga watoto wa sekondari.

Intaneti wala hamuihitaji siku hiyo. Chukueni laptop moja yenye ramu ya kutosha, wekeni programu ya CTFd ambayo ni ya bure, ndio itakayopokea majibu na kuonyesha nani anaongoza, mtafute swichi ya mtandao (kile kisanduku cha kuunganisha kebo) na kebo zake, ruta moja ya waya na waifai, basi, watu wote wanaunganishwa humo humo chumbani bila kugusa intaneti ya nje. Programu za kutumia mshushe usiku wiki mbili kabla, mzigawe kwa flashi. Umeme ukikatika laptop zina betri ila swichi na ruta hazina, hapo ndio watu wengi wanasahau, azimeni UPS ofisini, ile betri ya akiba ya kompyuta. Na kila nusu saa mtu mmoja akopi matokeo kwenye flashi, apewe kazi hiyo kwa jina, msiseme "tutakopi".

Sasa maswali. Hapa naomba unisikilize sana kwa sababu hapa ndipo mimi niliumia. Nikiwa mwaka wa tatu, chuo kingine huku huku Nyanda za Juu, tuliandaa kama nyie. Swali la kwanza lilikuwa rahisi makusudi, lakini aliyeingiza jibu kwenye mfumo aligusa spesi mara moja mwishoni bila kujua. Wadada watatu wa mwaka wa kwanza wakalipata saa nne kasoro, wanaandika linakataa, wanatufuata, tunawaambia tafuteni tena, wanarudi, tafuteni tena. Saa saba mwenzetu anafungua kuangalia ndio anaiona ile nafasi imekaa pale. Walikuwa wameshaondoka. Tuliwafuata bwenini tukawaomba radhi lakini mwaka uliofuata alirudi mmoja tu. Mpaka leo inaniuma, maana wale watoto walikuwa sahihi na sisi tuliojiita wataalamu tukawaambia wamekosea.

Kwa hiyo kila swali lifanywe mwanzo mpaka mwisho na mtu ambaye hakulitunga, kwenye laptop ambayo sio ya aliyelitunga. Likimshinda bila kuelezewa mdomo, linarudi kurekebishwa.

Na yale ya mwanzo yafungue mlango. Mpeni mtu neno XBROH na umwambie kuna mzee wa Roma alikuwa anasogeza kila herufi hatua tatu mbele, arudishe nyuma, anakutana na UYOLE, utaona anavyocheka. Halafu mpe TWJleWE=, ile alama ya sawasawa mwishoni ndio inamtonya kwamba hiyo ni besi-64, namna ya kompyuta kuandika data kwa herufi na namba ambayo yeyote anaweza kuirudisha, akiifungua anapata Mbeya, na hapo atakuwa ameshajua kitu ambacho watu wazima wengi hawajui, kwamba kuandika kwa herufi za ajabu sio kuficha. Lingine zuri, pigeni picha kule Ziwa Ngosi asubuhi ukungu umejaa, hauoni chochote, swali liwe imepigwa wapi. Simu kama lokesheni ilikuwa imewashwa inaandika latitudo na longitudo ndani ya faili, wanaifungua wanaona. Ila msiitumiane kama picha ya kawaida WhatsApp, inafuta hizo taarifa zote na swali linakufa, tumieni flashi. Mtu akitoka hapo anakwenda kukagua picha zake mwenyewe, na hiyo kwangu ina thamani kuliko kombe. Maswali magumu wekeni machache, mfano tovuti mliyoitengeneza isiyo na ile alama ya kufuli juu kwenye anwani, mtu anaingiza paswadi na inapita wazi, waikamate kwa Wireshark, programu ya kuangalia data inayopita kwenye mtandao. Wale wanaojua sana wapambane huko, ila wasiwe kumi na nyie mkatunga kwa ajili yao tu.

Hela: baridi la mwezi wa sita mnalijua, chai ya tangawizi na maandazi yatoshe, changeni. Zawadi bando au flashi.

SWALI: Dada, sisi tuko Iringa, tulishafanya mara moja, tatizo timu mbili zilikuwa zinatumiana majibu kwenye simu na moja ikashinda. Tuwafungie?
*Klabu, Iringa*

JIBU: Yaliyopita achaneni nayo kama hamna ushahidi. Mara nyingine semeni mapema kwamba timu tatu za juu hazitangazwi mpaka ziandike kwa maneno yao walivyotatua maswali mawili ambayo NYIE mtayachagua, nusu saa, mbele ya mwalimu. Aliyetumiwa jibu hana cha kuandika. Tena yale maandishi yatunzeni, mwakani yanakuwa notsi za wapya.

SWALI: Mwanangu, mimi niko Tukuyu, nina kijana yuko chuo anasema anashiriki mashindano ya kudukua. Baba yake ameshaanza kusema atafungwa. Nimkataze?
*Mama wa watoto wanne*

JIBU: Shikamoo mama. Usimkataze, ila muulize mambo mawili. Seva mnayoshambulia ni ya nani, na nani ametoa ruhusa ya maandishi. Akikujibu ni yetu wenyewe tumeiweka kwenye laptop pale chuoni, na mwalimu fulani amesaini, mwache aende na mwombee. Akianza kuzunguka zunguka, au akisema wanajaribu mfumo wa mtu, hapo baba yake ana haki, mrudisheni. Halafu mama, akija likizo mwambie akuonyeshe kwenye simu yako jinsi ya kubadilisha namba ya siri ya hela kama bado ni mwaka wako wa kuzaliwa. Atafurahi kukufundisha.