Mtoto Anapotengwa na Wenzake Shuleni

Binti yangu alikuwa kidato cha pili nilipoanza kuona kwamba chombo chake cha chakula kinarudi nyumbani kikiwa kimeoshwa. Nilimsifu kwa usafi, kumbe wali wangu alikuwa akiumwaga kila siku, kwa sababu wakati wa mapumziko hakuna aliyekubali kukaa naye, na kula peke yake huku wenzake wakinong'onezana aliona ni aibu kubwa kuliko njaa.

Aliponidokeza, nilimjibu kama wazazi wengi tunavyojibu: wapuuze, watachoka wenyewe. Jibu hilo lilimfunga mdomo kwa wiki tatu, maana alielewa kwamba hata mama hataki kusikia. Siku aliyofunguka tena tulikuwa tunachambua mchele, macho yetu yakiwa kwenye sinia, nami nilijizuia kwa nguvu nisimuulize, "Na wewe uliwafanya nini?"

Kilichonisaidia zaidi ni kutenganisha mambo mawili. Kukataliwa na kundi fulani kunauma kweli, lakini hakuna mwalimu awezaye kuamuru urafiki. Kumbandika mtu jina la kejeli kwa sababu ya ngozi yake, kumfichia madaftari na kusambaza picha yake kwenye kundi la WhatsApp ili achekwe ni uonevu, na huo shule ina wajibu wa kuukomesha. Tuliandika siku, mahali, maneno yaliyosemwa na waliokuwapo, tukahifadhi ujumbe wote, kisha, baada ya yeye mwenyewe kuridhia, nikaenda kumwona mwalimu wa darasa. Sikuomba wasichana wale wachapwe wala waitwe mstarini kuomba radhi, kwani aibu ya hadharani hulipiziwa njiani watoto wanaporudi nyumbani. Niliomba binti yangu abadilishiwe kiti, na mwalimu wa zamu awe anapita nyuma ya madarasa wakati wa mapumziko. Majina yalipungua, ingawa ilinibidi nirudi shuleni mara mbili zaidi.

Upweke haukuondoka kwa njia hiyo. Huo ulianza kupungua alipojiunga na kwaya ya vijana mtaani kwetu, ambako alikabidhiwa kutunza daftari la nyimbo. Asipofika Jumamosi, mtu huja kubisha hodi kumuulizia.

Mzazi ambaye mwanawe anasema hataki tena kuishi asingoje hata kesho: asimwache peke yake, na ampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kwa ushauri kuhusu uonevu, Huduma ya Simu kwa Mtoto hupatikana bila malipo kwa namba 116, Tanzania Bara na Zanzibar, na Kenya nao wana huduma kama hiyo kwa namba hiyo hiyo.

Wasichana wale hawajawahi kumwalika hadi leo, na bado kuna siku hurudi kimya. Chombo chake sasa hurudi na mafuta yake, nami hukiosha mwenyewe.