Barua kwa Mwanangu: Kipepeo wa Kivulini

Malindi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku tu wazima, babako anakusalimu sana, na mvua ya mwaka imeanza kupungua. Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma na picha ulizoambatanisha nimezitazama moja baada ya nyingine. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni kwa nini uliingia msitu wa Arabuko-Sokoke na kamera nzuri, ukatembea tangu asubuhi hadi alasiri, ukarudi na picha za vipepeo wa njiani tu, ilhali yule uliyemfuata, mwenye zambarau mbawani na mkanda wa rangi ya dhahabu, ambaye wataalamu humwita Euphaedra neophron, ulimwona mara moja tu akipotelea chini ya vichaka. La pili ni iwapo kumtegea tunda ili apigwe picha ni udanganyifu.

Fahamu kwanza kwamba kipepeo huyu si adimu. Anapatikana kuanzia pwani yetu hadi mashariki ya Afrika Kusini, na katika msitu wetu wa kilomita za mraba zipatazo 420, wenye aina zaidi ya 250 za vipepeo, yeye si miongoni mwa wale wanaohesabiwa kuwa wachache. Ukitaka walio adimu kwa kweli, wako Charaxes blanda na Acraea matuapa, na hao hata mtu aliyezaliwa ukingoni mwa msitu aweza kuzeeka bila kuwa na hakika kwamba amewaona. Nakueleza haya kwa sababu kipepeo adimu na kipepeo mwenye haya hawatafutwi kwa njia moja. Aliye adimu hutafutwa kwa kutembea sana, ili macho yako yapite mahali pengi; mwenye haya hutafutwa kwa kuchagua mahali pamoja na kutulia hapo. Wewe ulitembea kutwa nzima, na kila hatua yako juu ya majani makavu ilikuwa ikimwondoa kabla hujafika.

Katika picha zako naona umesimama sana penye maua. Huyu haji kwenye maua. Chakula chake ni tunda lililoanguka na kuanza kuoza, makuyu hasa, na utomvu unaochuruzika kwenye shina lenye jeraha. Kwa hiyo muda wake mwingi yuko chini, kimo cha goti au pungufu, katika kivuli, na akikunja mbawa huonekana kama jani lililokauka, kwa maana upande wa chini wa mbawa zake hauna zile rangi kali zinazokuvutia. Akikaa hivyo mbele yako utamkanyaga. Utamfumania akiwa amefungua mbawa, na huzifungua anapohitaji jua.

Hapo ndipo penye siri yote, mwanangu. Kipepeo hana joto lake mwenyewe la kutosha. Misuli ya kurukia haifanyi kazi vizuri mpaka ipate joto la nyuzi 30 hivi, na sakafu ya msitu asubuhi ni ya baridi na unyevu. Jua linapopanda, hupenya majani na kuangusha madoa ya mwanga hapa na pale juu ya ardhi, na madoa hayo ndiyo yanayomtoa mafichoni. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi ndio wakati wake. Ukichelewa mpaka adhuhuri, joto limemtosha, hana haja ya kulala juani, naye hurudi kivulini na kuruka kwa kasi kila anapohisi mtu. Katika barua yako umeandika kwamba ulifika langoni saa nne kasoro, ukapumzika, ukanywa chai. Usishangae, basi.

Mahali nako kuna elimu yake. Upande wa magharibi, kwenye udongo mwekundu, ni msitu wa mifunda. Katikati, kwenye mchanga mweupe, ni mirihi, nao ni msitu wa wazi wenye mwanga mwingi, mzuri kwa kutazama ndege lakini mwingi mno wa jua kwa huyu umtakaye. Nenda upande wa mashariki, karibu na Gede, kwenye msitu mchanganyiko wenye mibambakofi na vichaka vizito chini yake. Humo tafuta miti midogo ya jamii ya Deinbollia, kwa kuwa ndiyo chakula cha viwavi wake. Kiwavi mwenyewe ni kioja: wa kijani, amelala bapa juu ya jani, na ubavuni ana miiba mirefu yenye matawi kama unyoya, kiasi kwamba jani na kiwavi vinakuwa kitu kimoja. Ukiuona mti huo kaa mbali kidogo na utazame, maana kipepeo jike akija kutaga huruka polepole, hutua juu ya jani, hulidundadunda kwa miguu ya mbele kulionja, huondoka, hujaribu jingine. Wakati huo akili yake yote iko kwenye jani, na mpiga picha mwenye adabu humkaribia kuliko wakati mwingine wowote.

Kuhusu kumkaribia, jambo linalowashinda wengi ni kivuli chao wenyewe. Macho ya kipepeo huona karibu pande zote, na yamefanywa kutambua kitu kinachosogea. Mtu aliyeinama na kusogea taratibu, kipepeo humvumilia, lakini kivuli kikimpitia mgongoni ameshaondoka kabla hujagusa kitufe. Kabla hujapiga hatua tazama jua liko wapi, kisha mzunguke ili kivuli chako kianguke nyuma yako au pembeni. Piga magoti mapema, ukiwa bado mbali, usingoje kufika. Akiruka usimfuate. Madume hasa wana tabia ya kurudi katika eneo lile lile, hivyo baki ulipo, na lenzi uielekeze pale alipokuwa.

Mambo ya kamera wewe unayajua kunishinda, na sitaki kukufundisha kazi yako. Nitasema machache. Lenzi yako ya milimita 100 inatosha. Kwa kuwa mbawa zikifunguliwa huwa bapa, weka kamera sambamba nazo, la sivyo ubawa mmoja utakuwa wazi na mwingine umefifia. Mwili wake ni mweusi, ardhi ni nyeusi, na doa la jua ni kali, kwa hiyo kamera ikiachwa ijiamulie itaongeza mwanga na kuiunguza zambarau yote, punguza kidogo. Rangi hiyo hugeuka pia kadiri pembe ya mwanga inavyogeuka, basi piga kutoka pande mbili tatu kama atakupa nafasi. Mwanga wa kamera yenyewe usiutumie. Huifanya sakafu ya msitu ionekane kama ya usiku, nami picha za namna hiyo sizipendi hata zikisifiwa na nani.

Sasa kuhusu tunda. Kuweka ndizi si udanganyifu. Chakula chake ni tunda lililooza, nawe umemwekea tunda lililooza. Amekuja kwa hiari, anakula, ataondoka akishiba. Chukua ndizi zilizoiva mno, uziponde, uzifunike na uziache juani kwa siku chache mpaka zichachuke na kunuka. Wako wanaoongeza pombe ya mnazi ili kazi iende haraka, na husema vipepeo wakilewa huwa wapole. Mimi sijapata kuutia, wala sioni haja, kwani ndizi huchachuka zenyewe. Weka kiasi cha kiganja juu ya jani kavu au gogo, pembeni mwa doa la jua, kisha ujitenge. Watakuja vipepeo wa jamii ya Charaxes pia, ambao ni wenye nguvu na wagomvi na huwafukuza wenzao. Usiwapuuze, kwa sababu Charaxes protoclea dume, mweusi mwenye ukingo wa rangi ya moto, si wa kuachwa apite. Viwavi wake hula majani ya mbambakofi, hivyo upande ule ule wa msitu utakufaa kwa wote wawili. Ukimaliza ondoa mabaki, kwani tembo wamo msituni, na hatutaki wazoee ndizi za watu. Kwa ajili ya tembo hao hao usiingie bila kiongozi anayeujua msitu.

Ninachokiona ni udanganyifu ni kumnasa kwa wavu, kumtia kwenye friji mpaka agande, kisha kumpanga juu ya ua zuri na kupiga picha kabla hajapata joto. Wapo wanaofanya hivyo, nami huzitambua picha zao: kipepeo wa matunda amekaa juu ya ua ambalo hangelitembelea, miguu haikushika vizuri, mbawa zimekaa katika pembe ambayo za kipepeo mzima hazikai. Tena ni ukatili. Picha iliyopigwa kwenye nyumba ya vipepeo pale Gede, katika mradi wa Kipepeo, ni jambo jingine. Nyumba ile ni ya kujifunzia, na mradi wenyewe tangu mwaka 1993 umewapa wakulima wa ukingo wa msitu, nami nikiwa mmojawapo, fedha halali ya kufuga viwavi na kuuza pupa zinazosafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Piga huko kadiri upendavyo, ilimradi uandike kwamba ni huko.

Kabla sijamaliza, nina neno kuhusu hao unaowaita wa njiani. Picha yako ya nne umeiandika Danaus chrysippus. Itazame tena. Danaus ana madoa meusi kadhaa katikati ya ubawa wa nyuma, na huyu wako ana doa moja tu, tena liko kwenye ukingo wa mbele. Huyo ni jike wa Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu mwilini bali amevaa sura ya Danaus mwenye sumu ili ndege wamwache. Dume wake ni mweusi mwenye madoa meupe yaliyozungukwa na zambarau, na mtu asiyejua hawezi kudhani kwamba ni mke na mume. Ulikuwa na picha nzuri kuliko ulivyodhani, iliyotulia, macho yakionekana wazi, na ukaipita kwa haraka ukimlilia aliyekimbia.

Ukiweza, omba likizo ya mwezi wa sita, mvua ikishapungua na majani yakiwa bado mabichi, maana ndipo vipepeo wanapokuwa wengi. Shukia Gede, usije kwanza mpaka Malindi, kwa sababu ukifika nyumbani utalala na asubuhi itakupita; kwa shangazi yako ni karibu na lango, na nimeshamwambia. Ndizi nitazichachusha mimi huku na kumpelekea siku mbili kabla. Vaa nguo za rangi ya udongo, uiache ile kanzu ya manjano. Na katika kila picha andika tarehe, saa, upande wa msitu, na kama palikuwa na ndizi au hapakuwa nayo.

Wasalaam,

Mimi mamako