Maswali ya Wasomaji: Lengo la TEHAMA lianzie wapi?

SWALI

Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni mwalimu wa Fizikia katika shule ya sekondari ya kata mkoani Singida. Kama walimu wengine wengi wa serikali, niligawiwa kishikwambi kilichotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Shuleni tunavyo vinane ambavyo bado vinafanya kazi, pamoja na projekta moja inayotegemea umeme ambao hukatika mara kwa mara. Mwaka wa fedha unapoanza hutakiwa kujaza malengo yangu katika mfumo wa e-Utendaji, na safari hii mkuu wa shule ameelekeza kwamba lengo mojawapo lihusu matumizi ya TEHAMA darasani. Nimeandika hivi: “Kutumia TEHAMA katika asilimia 80 ya vipindi vyangu ifikapo Juni.” Mkuu ameliridhia, lakini mimi mwenyewe sina raha nalo, kwa sababu mwaka jana niliandika karibu hivyohivyo, nikalitimiza, na sikuona tofauti yoyote katika madaftari ya wanafunzi. Nimekosea wapi? Kidato cha Pili nina wanafunzi 56.

Mwalimu wa Fizikia, Singida

JIBU

Mwalimu, umeshajijibu nusu ya swali lako pale ulipotaja madaftari. Lengo ulilojaza mwaka jana lilihesabu mara ambazo kifaa kiliwashwa, na kifaa kweli kiliwashwa, kwa hiyo ulilitimiza kwa haki kabisa. Hakuna mahali lilipomtaja mwanafunzi, wala mada, wala kosa ambalo ulitaka litoweke. Mwalimu anayesoma slaidi ukutani kwa dakika 40 na yule anayewafanya wanafunzi wabishane juu ya jambo wanalolitazama kwenye kioo wote wawili wangepata asilimia 80 yao.

Ushauri wangu ni kwamba uanze mbali kabisa na kishikwambi. Chukua karatasi za majaribio yako ya mwaka uliopita, pamoja na za Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili ikiwa unazo za mazoezi, kisha utafute mada moja tu ambayo wanafunzi huikosea kila mwaka hata ukiifundisha upya. Nitashika umeme mkondo kama mfano, kwa kuwa naamini hautakuwa mgeni kwako. Wachoree wanafunzi betri moja na balbu mbili zinazofanana zilizounganishwa kwa mfuatano, halafu uwaulize ni ipi itakayowaka zaidi. Wengi watakuambia ile ya kwanza, kwa maelezo kwamba “imeshakula” sehemu ya umeme kabla haujafika kwa mwenzake. Fikra hiyo ina mantiki yake, kwa sababu maji ya bomba, sukari ya dukani na fedha za mfukoni vyote hupungua vinapopita mikononi mwa watu, na mtoto hana sababu ya kudhani kwamba mkondo wa umeme una tabia tofauti. Ndiyo maana haing’oki kwa kuandika ubaoni kwamba mkondo katika sakiti ya mfuatano ni uleule kila mahali: mwanafunzi atainakili sentensi hiyo vizuri, na ataendelea kuamini alichokuwa anaamini.

Hapo ndipo kishikwambi kinapopata kazi. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, hutoa bure masomo ya kuigiza ya sayansi na hisabati, yaani majaribio yanayoigizwa kwenye kioo cha kifaa, likiwemo la kujengea sakiti. Mwanafunzi huvuta betri, nyaya na balbu kwa kidole, akaviunganisha, na akaona chembe za umeme zikitembea ndani ya waya kwa mwendo uleule kabla ya balbu na baada yake. Betri na balbu halisi haziwezi kumwonyesha jambo hilo, na chaki pia haiwezi. Faili lake hupakuliwa mara moja na kufunguliwa baadaye kwa kivinjari bila intaneti, ila nakusihi ulijaribu kwenye kila kishikwambi nyumbani au ofisini kabla ya kipindi, kwa sababu vifaa vilivyofanana siku ya kugawiwa huwa na tabia tofauti baada ya miaka kadhaa.

Kabla ya kuandika lengo, pima ulipo. Wape wanafunzi wote swali lile la balbu mbili kwenye robo ya karatasi, waandike jibu na sababu yake, kisha uhesabu. Tuseme waliojibu sawasawa kwa sababu sahihi ni 14 kati ya 56. Sasa una mahali pa kuanzia, na lengo lako linaweza kusomeka hivi: “Ifikapo mwisho wa Agosti, wanafunzi wasiopungua 40 kati ya 56 wa Kidato cha Pili wataweza kutabiri mwanga wa balbu katika sakiti za mfuatano na za sambamba na kueleza sababu kwa maneno yao, baada ya vipindi viwili vya sakiti ya kuigiza kwenye vishikwambi na kipindi kimoja cha betri, nyaya na balbu halisi.” Ni refu kuliko la kwanza, nakiri, na halitapendeza sana kwenye kisanduku cha mfumo. Lakini mtu yeyote, akiwemo mkuu wako, anaweza kuingia darasani Septemba mosi na kulipima kwa robo ya karatasi.

Nimetaja Agosti kwa makusudi. Mwaka wa fedha unaanza Julai na kuishia Juni, ilhali mwaka wa shule unaanza Januari, kwa hiyo lengo linaloishia Juni linakata katikati ya madarasa mawili: watoto utakaowapima mwishoni si wale uliowapima mwanzoni, kwani hao watakuwa wamekwisha kuingia Kidato cha Tatu. Weka lengo ndani ya muhula mmoja, ulimalize, kisha uandike jingine la muhula unaofuata ukiwa umejifunza kitu.

Sasa tuje kwenye vishikwambi vinane na wanafunzi 56, yaani makundi ya watu saba saba. Katika kundi la saba, mmoja hushika kifaa, wawili hutazama, na waliobaki huzungumza mambo ya mpira. Weka kanuni kwamba anayegusa kioo haruhusiwi kuamua chochote. Wenzake ndio wanaomwelekeza aunganishe nini na wapi, na kifaa kinahamia kwa mwingine kila baada ya sakiti moja. Kanuni ya pili, ambayo kwangu ina uzito kuliko kifaa chenyewe, ni kwamba hakuna anayefunga swichi kabla ya kila mmoja kuandika utabiri wake daftarini kwa kalamu ya wino. Aliyekwisha kuandika kwamba balbu ya pili itafifia, akaona zote mbili zinawaka sawa, ana jambo la kueleza, na hawezi kusingizia kwamba alikuwa anajua tangu awali. Waache wabishane kwa Kiswahili hata kama somo linafundishwa kwa Kiingereza, kisha waandike hitimisho kwa Kiingereza. Mtoto akilazimika kutafuta neno la Kiingereza na wazo la Fizikia kwa wakati mmoja, mara nyingi hulipata neno na kuliacha wazo.

Usiache kipindi cha vitu halisi. Kwenye sakiti ya kuigiza betri haichoki, waya haulegei na balbu mbili hufanana kabisa. Ukitumia betri za tochi za volti 1.5 na balbu za dukani, utaona balbu mbili zilizoitwa sawa zikiwaka tofauti kidogo, na mwanafunzi mwerevu atakuuliza kwa nini, huku aliyekuwa anaamini kwamba balbu ya kwanza inakula umeme akipata nguvu mpya. Badilisha nafasi za balbu hizo mbele yao, waone kwamba ile yenye mwanga hafifu inabaki hafifu hata ikiwekwa mwanzo. Nisingependa ukose dakika hizo tano kwa ajili ya projekta yoyote.

Kuhusu umeme wa shule, andika katika andalio la somo kitakachofanyika ukikatika. Vishikwambi vikichajiwa usiku uliotangulia vitamaliza kipindi bila wasiwasi, na kwa sababu hiyo ningeiacha projekta nje ya lengo hili. Kama utapiga picha za wanafunzi wakifanya kazi kwa ajili ya ushahidi, piga mikono na sakiti, si nyuso, na usiweke alama za mtoto mmojammoja kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu hata mwanafunzi wa Kidato cha Pili.

SWALI

Ndugu Mshauri, ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi mkoani Tanga. Tuko walimu 17, na nimepewa jukumu la kuandaa malengo ya TEHAMA ya shule nzima. Baadhi yetu tunakaribia kustaafu na wengine wametoka chuoni juzi. Je, niandike kiwango kimoja kwa wote?

Mwalimu wa taaluma, Tanga

JIBU

Hapana, Mwalimu. UNESCO ina mwongozo wa umahiri wa walimu katika TEHAMA, ambao toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2018. Mwongozo huo umepanga umahiri 18 katika maeneo sita na hatua tatu: kupata maarifa, kuyakuza, na kuunda mapya. Ninachokipenda ndani yake ni kwamba ujuzi wa kuendesha vifaa ni eneo moja tu kati ya hayo sita, wakati mipango mingi ya shule ninayoiona imeandikwa kana kwamba ndilo eneo pekee. Mwalimu wako anayekaribia kustaafu huenda asijue kusogeza picha kwenye kioo, lakini anajua mahali ambapo watoto wa Darasa la Nne hukwama katika sehemu na desimali, na kijana aliyetoka chuoni hajapata muda wa kulijua hilo.

Waunganishe wawili wawili, mkongwe na mgeni, kila jozi ichague kosa moja la wanafunzi na njia moja ya kulishughulikia kwa kifaa mlicho nacho. Vipindi vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni kwenu vinafaa kwa kazi hiyo: jozi moja ifundishe mbele ya wenzake, wengine watazame madaftari ya wanafunzi badala ya kumtazama mwalimu, kisha mzungumze. Vitabu vya kiada vipo bure katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo msianze kwa kutafuta fedha za kununua maudhui.

Kwa jozi tisa, wewe mwenyewe ukijipanga na mwalimu mkuu, mtakuwa na malengo tisa tofauti, na ripoti yako haitakuwa na asilimia moja ya kujumlisha yote. Ukiulizwa na mthibiti ubora, mwonyeshe karatasi za kabla na za baada, jozi kwa jozi.